MAWE YA NCHI YETU: JINSI YA KULITAMBUA JIWE NA KUJUA LIMEUMBWA NA NINI

Hakuna mtu asiyeyajua mawe. Mtoto huyatupa, mama huyasagia nafaka, mwashi huyachonga, na mkulima huyaondoa shambani ili jembe lake lisivunjike. Lakini ukiwauliza watu kumi, "Jiwe hili ni la namna gani, tena limeumbwa na nini?" yamkini tisa watakujibu kwamba jiwe ni jiwe tu.

Jibu hilo lina hasara yake. Mtu aweza kuuza ng'ombe wake akanunua mfuko wa unga unaong'aa, akidhani ni dhahabu, kumbe ni ulanga uliochotwa mtoni bure. Mwingine aweza kumaliza kuni zake zote akichoma mawe meupe ili apate chokaa, na mwisho wake asipate kitu, kwa kuwa mawe yale hayakuwa ya chokaa. Na mwingine aweza kuuza jiwe la thamani kwa bei ya kibaba cha unga, kwa sababu mnunuzi alilijua na yeye hakulijua.

Kuuliza si ujinga. Jiwe nalo laweza kuulizwa, nalo hujibu, mradi mwulizaji ajue maswali yenyewe. Katika somo hili tutayaeleza maswali hayo kwa utaratibu. Vyombo vinavyotakiwa ni vile vilivyomo nyumbani, na kanuni iliyo kubwa kuliko zote ni hii: usiamini rangi, pima.

1. MWAMBA NA MADINI

Kwanza yafaa kutenga maneno mawili ambayo watu huyachanganya. Mwamba ni kama chakula cha githeri, na madini ni kama mahindi na maharagwe yaliyomo ndani yake. Ukitazama githeri kwa mbali waona kitu kimoja, lakini ukikaribia waona punje za namna mbalimbali. Vivyo hivyo mwamba ni mkusanyiko wa madini, na kila aina ya madini ina umbile lake, ugumu wake na uzito wake.

Mfano mzuri ni itale, ambayo wataalamu huiita graniti. Majabali makubwa ya Kit Mikayi, karibu na njia iendayo Bondo kutoka Kisumu, ni ya mwamba huu. Vunja kipande cha itale, kisha ukitazame juani. Utaona punje za aina tatu. Zile zinazofanana na vipande vya kioo ni kwatzi. Zile nyeupe au za rangi ya waridi, zenye nyuso bapa, ni felspa. Na yale magamba meusi au meupe yanayomeremeta ni ulanga.

Je, madini yenyewe yameumbwa na nini? Wataalamu wamegundua kwamba karibu nusu ya uzito wa ganda la dunia, yaani kama 46 kwa kila 100, ni oksijeni, ile ile iliyomo katika hewa tunayovuta. Lakini katika mawe haiko huru; imefungamana na vitu vingine. Kiasi cha 28 kwa 100 ni silikoni, kiasi cha 8 ni alumini, na kiasi cha 5 ni chuma. Vitu vingine vyote, pamoja na dhahabu na shaba, hugawana kiasi kidogo kinachosalia. Kwatzi ni silikoni na oksijeni peke yake. Felspa na ulanga vina vitu hivyo viwili pamoja na alumini na vingine kama potasiamu.

Haya si mambo ya vitabuni tu, maana udongo tunaoulima hutokana nayo. Mvua na hewa huila felspa pole pole hata ikawa udongo wa mfinyanzi. Kwatzi haiozi, basi hubaki na kuwa mchanga wa mtoni. Chuma kilichokuwamo hushika kutu, na kutu hiyo ndiyo huupa udongo wetu rangi nyekundu. Moramu tunayotandaza barabarani ni udongo na mawe ambayo mvua ya miaka mingi sana imeyaosha mpaka ikaacha hasa chuma na alumini.

2. JAMAA TATU ZA MIAMBA

Miamba yote ya duniani ni ya jamaa tatu.

Jamaa ya kwanza ni miamba ya moto, iliyotokana na mawe yaliyoyeyuka chini ya ardhi. Yakipoa pole pole huko chini, punje zake hupata nafasi ya kukua, kama zile za itale. Yakitoka nje kwa njia ya volkano hupoa upesi, na punje zake huwa ndogo hata jicho lisizione. Hiyo ndiyo basalti, jiwe zito lenye rangi ya kijivu au nyeusi. Yakipoa ghafula kabisa, punje hazipati nafasi hata kidogo, na jiwe huwa kama kioo cheusi. Hilo huitwa obsidiani, nalo lapatikana kwa wingi karibu na Naivasha. Watu wa kale walilitumia kutengeneza visu na vichwa vya mishale, kwa maana likivunjika huwa na makali kama wembe. Na yakitoka yakiwa na gesi nyingi hujaa matundu kama povu, hata jiwe likaweza kuelea majini. Hilo ni lile watu wanalosugulia nyayo.

Jivu la volkano nalo likianguka na kushikamana kwa miaka mingi huwa jiwe laini la kuchongeka. Nyumba nyingi za mawe za Nairobi na vitongoji vyake zimejengwa kwa jiwe la namna hii.

Jamaa ya pili ni miamba ya tabaka, iliyotokana na mchanga, matope, au mabaki ya viumbe yaliyotulia chini ya maji na kukandamizwa. Jiwe la mchanga ni la jamaa hii. Kadhalika mawe ya matumbawe ya Pwani yaliumbwa na viumbe wadogo wa baharini. Ngome ya Yesu ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ilijengwa kwa matumbawe juu ya mwamba wa matumbawe.

Jamaa ya tatu ni miamba iliyogeuka. Hii ilikuwa ya jamaa moja ya zile za kwanza, kisha ikazikwa chini sana, ikapata joto na uzito mwingi, ikabadilika pasipo kuyeyuka yote. Jiwe la chokaa likigeuka huwa marumaru, kama ile ya Kajiado. Mengine hugeuka kuwa naisi, jiwe lenye mistari myeupe na myeusi iliyopishana kama ya punda milia. Vilima vya Machakos, Kitui na Taita vina naisi nyingi. Ukiiona mistari hiyo usidhani ni tabaka za mchanga. Ni madini yaliyojipanga upya kwa nguvu za joto na kukandamizwa.

3. VYOMBO VYA KUPIMIA

Mtu anayetaka kujifunza na akusanye vitu hivi: kipande cha waya wa shaba, kisu cha chuma, kipande cha chupa, kikombe kilichovunjika ambacho kitako chake hakina rangi ya kung'aa, sumaku (hata ile ya spika mbovu ya redio yafaa), siki kidogo au maji ya ndimu, nyundo, mizani ndogo, na gilasi ya maji. Jiwe lenyewe na livunjwe kwanza, maana uso wa nje umechakaa kwa mvua na jua, nao hudanganya. Tazama upande mpya.

4. MASWALI MATANO YA KULIULIZA JIWE

Swali la kwanza: Una ugumu gani? Mwaka 1812 mtaalamu mmoja Mjerumani, Friedrich Mohs, aliyapanga madini kwa daraja kumi, kutoka lile laini kuliko yote hata almasi, ambayo ni ya 10. Kila daraja hukwaruza zile za chini yake. Ukucha wa mtu ni kama daraja ya 2 na nusu, waya wa shaba ni kama 3, kisu na kioo ni kama 5 na nusu, na kwatzi ni 7. Basi jiwe linalokwaruzwa kwa ukucha ni laini sana. Linaloshinda ukucha lakini likakwaruzwa kwa kisu ni la katikati. Linalokishinda kisu na kukwaruza chupa ni gumu. Baada ya kukwaruza, futa mahali pale kwa kidole, kwa sababu pengine alama unayoiona si mkwaruzo bali ni unga wa kile kilicho laini zaidi.

Swali la pili: Unga wako ni wa rangi gani? Lisugue jiwe juu ya kile kitako cha kikombe kisichong'aa, kisha tazama mstari uliobaki. Rangi ya jiwe zima yaweza kubadilika, lakini rangi ya unga wake ni amini zaidi. Kwa mfano, hematiti, ambayo ni chuma na oksijeni, yaweza kuwa nyeusi na ya kung'aa, lakini unga wake ni mwekundu kama damu iliyokauka. Mawe yaliyo magumu kuliko kikombe hayaachi unga. Huukwaruza udongo wa kikombe.

Swali la tatu: Unavunjikaje? Ulanga huchanika majani majani kama kurasa za kitabu. Felspa huvunjika kwa nyuso bapa. Kwatzi haina nyuso hizo. Huvunjika ovyo kama kitako cha chupa.

Swali la nne: Una uzito gani? Hapa hatusemi uzito wa jiwe peke yake, bali uzito wake ukilinganishwa na maji ya ukubwa ule ule. Lipime jiwe kwa mizani. Kisha jaza gilasi maji mpaka pomoni, litumbukize jiwe pole pole, na kuyakinga maji yanayomwagika. Yapime maji hayo nayo. Gawanya uzito wa jiwe kwa uzito wa maji. Tuseme jiwe lina gramu 130 na maji yaliyomwagika ni gramu 50. Jibu ni 2.6, na hilo ni jiwe la kawaida kama kwatzi. Kama maji ni gramu 26 tu, jibu ni 5, na ndani yake pana kitu kizito, labda chuma. Dhahabu safi ni 19 na zaidi, yaani gramu 130 za dhahabu hazimwagi hata gramu 7 za maji.

Swali la tano: Wafanya nini ukitiwa siki? Saga punje kidogo ya jiwe iwe unga, kisha tia matone ya siki au ndimu. Likitoa povu, ndani yake pana kaboni iliyofungamana na oksijeni, nayo inatoka kuwa gesi. Hiyo ni ishara ya chokaa au ya magadi. Tumesema lisagwe kwanza, maana yako mawe ya jamii ya chokaa yasiyotoa povu mpaka yawe unga.

5. MAWE MEUPE YANAYOFANANA

Sasa tuyatumie maswali hayo. Chukua mawe meupe ya namna saba, uyaweke mezani. Kwa jicho mtu aweza kusema yote ni chokaa. Tuyapime kwa mpango.

Anza kwa maji. Tia kipande kidogo katika gilasi. Kikiyeyuka, na maji yakawa ya utelezi kama ya sabuni, hayo ni magadi. Yameumbwa na sodiamu, kaboni, oksijeni na maji. Ziwa Magadi limejaa kitu hiki, na kampuni ya kukichimba ilianzishwa mwaka 1911. Hutumika kutengenezea vioo na sabuni.

Yasiyoyeyuka yapimwe kwa ukucha. Likikwaruzika, litazame uzito wake. Kama ni jepesi mno, lagusika kama chaki, tena hung'ang'ania kidole kilicholowa, hilo ni diatomaiti ya Kariandusi, karibu na Gilgil. Halina chokaa hata kidogo, wala halitoi povu. Limeumbwa na silikoni na oksijeni, kama kwatzi, lakini asili yake ni magamba ya mimea midogo sana iliyoishi katika maji ya ziwa la kale. Hutumika kuchujia vinywaji na dawa. Lakini kama jiwe lina uzito wa kawaida, linameremeta, halitoi povu, tena likichomwa katika chombo hutoa mvuke wa maji, hilo ni jasi. Limeumbwa na kalsiamu, salfa, oksijeni na maji. Wenye viwanda hulitia katika saruji ili isigande upesi mno, na madaktari hufunga mifupa iliyovunjika kwa unga wake.

Likishinda ukucha lakini likakwaruzwa kwa kisu, lisage, ulitie siki. Likitoa povu ni jiwe la chokaa au marumaru, yaani kalsiamu, kaboni na oksijeni. Hili ndilo la kuchoma. Kilo 100 za jiwe safi la chokaa zikichomwa barabara huacha kilo 56 tu za chokaa. Kilo 44 zilizobaki huenda hewani zikiwa gesi. Mtu asishangae basi kuona jiwe limekuwa jepesi tanuruni; wepesi huo ndio dalili kwamba kazi imekwisha. Lisipotoa povu, tena likiwa zito kidogo na lenye nyuso bapa, pengine lina weupe uliochanganyika na zambarau au kijani, huenda ni floraiti, ambayo ni kalsiamu na florini. Hiyo ilichimbwa katika bonde la Kerio mpaka mwaka 2016. Kuichoma kwa kutaka chokaa ni kupoteza kuni bure.

Likikishinda kisu na kukwaruza chupa, ni kwatzi au felspa. Ukiona nyuso bapa ni felspa. Pasipo nyuso hizo ni kwatzi.

Basi mawe saba yaliyofanana kwa rangi yametengana kwa maji, ukucha, kisu na siki, na aliyeyatenga hakutumia hata shilingi kumi.

6. MAWE MEUSI NA MCHANGA MWEUSI

Kwa mawe meusi tumia sumaku. Mchanga mweusi unaobaki mtoni baada ya mvua mara nyingi ni magnetiti, yaani chuma na oksijeni, nao hurukia sumaku kama siafu. Wahunzi wa Kikuyu wa zamani waliujua vema. Waliuosha, wakauyeyusha kwa mkaa na mivukuto, wakafua mikuki, mashoka na majembe. Hawakusoma vitabu vya madini, lakini walijua kupima.

Lakini si kila mchanga mweusi ni huo. Mchanga wa Kwale, uliochimbwa tangu 2013 mpaka mwisho wa 2024, ulikuwa na ilmenaiti, ambayo ni chuma na titani pamoja na oksijeni. Sumaku ya kawaida huuvuta kidogo sana au haiuvuti kabisa. Titani yake hufanywa rangi nyeupe ya kupakia nyumba. Msomaji na aone ajabu hiyo: mchanga mweusi ndio mama wa rangi nyeupe. Ndiyo sababu tunasema rangi si shahidi.

Kuna na jiwe la kijivu cheusi liitwalo fonolaiti. Ukiligonga kipande chake chembamba kwa nyundo hulia kama kengele, na jina lake la Kiyunani lina maana ya jiwe la sauti. Uwanda wa juu wa Yatta, wenye urefu wa karibu kilometa 300, ni mto wa mawe ya namna hii uliotoka volkano na kuganda bondeni.

7. KITU KINACHONG'AA MANJANO

Tumefika mahali ambapo watu wengi wamepoteza mali. Mwaka 1931 dhahabu ilipatikana Kakamega, na wageni wengi wakamiminika huko kuitafuta. Mpaka leo wako wachimbaji wadogo katika nchi ya Magharibi na Migori. Mara nyingi dhahabu hukaa katika mishipa ya kwatzi, na mvua huichukua hata mitoni. Lakini vitu viwili vingine hung'aa manjano, navyo ni vingi kuliko dhahabu mara maelfu.

Kitu cha kwanza ni ulanga uliochakaa. Ulanga mweusi ukinyeshewa mvua miaka mingi hugeuka rangi na kumeremeta kama dhahabu. Mito inayotoka katika vilima vya naisi imejaa vipande hivyo. Kuutambua ni rahisi. Ugeuze polepole juani: utawaka, kisha utazimika, kisha utawaka tena. Dhahabu haifanyi hivyo. Rangi yake ni moja juani na kivulini. Tena ulanga ni mwepesi, hupeperushwa na maji, na sindano huuchana kuwa majani. Dhahabu hukaa chini kabisa ya karai.

Kitu cha pili ni pairiti, ambayo ni chuma na salfa. Hii ni nzito kuliko mawe ya kawaida, nayo hudanganya hata watu wenye macho makali. Ipime hivi. Weka punje juu ya chuma, uigonge kwa nyundo. Pairiti husambaratika ikawa unga. Dhahabu haivunjiki, bali hutandazika kama chapati. Isugue juu ya kikombe: pairiti huacha unga mweusi wenye ukijani, dhahabu huacha mstari wa manjano. Ijaribu kwa kisu: pairiti hukishinda kisu, dhahabu hukatika. Ukiichoma pairiti hutoa harufu kali ya kiberiti, nayo ni moshi mbaya usiofaa kuvutwa.

Walaghai wengine huuza vipande vya shaba ya manjano, na hivi havivunjiki kwa nyundo. Hapo kimbilia gilasi ya maji. Shaba ya manjano ni kama mara 8 na nusu ya maji, na dhahabu safi ni mara 19. Muuzaji akikataa mali yake isigongwe, isisuguliwe wala isipimwe, akisema una haraka wewe au wengine wataiwahi, jibu umekwisha kulipata. Shika fedha zako mfukoni. Hata vipimo vyote vikikubali, usitoe mali nyingi kabla kitu hakijapimwa na wataalamu wa madini wa serikali.

8. JIWE LA KIJANI

Si mawe yote ya thamani yanayong'aa yakiwa ardhini. Katika nchi ya Taita lapatikana jiwe la kijani kibichi, la jamii ya ganeti, ambalo mtaalamu Campbell Bridges alilipata huko Kenya. Mwaka 1974 likapewa jina la tsavoraiti kwa ajili ya Tsavo. Limeumbwa na kalsiamu, alumini, silikoni na oksijeni, na kijani chake chatokana na kiasi kidogo cha vanadi au kromi. Kipande cha chupa ya kijani chaweza kufanana nalo, lakini jiwe hili hukwaruza kioo kwa urahisi, na kioo hakiwezi kulikwaruza. Hata hivyo, mtu asililigonge kwa nyundo wala kulikwaruza ovyo, maana kila ufa hupunguza bei.

9. HADHARI

Usionje jiwe usilolijua. Mengine yana risasi na sumu nyinginezo. Ukivunja mawe, kinga macho yako. Vumbi la kwatzi ni adui mkubwa zaidi, maana likivutwa siku nyingi hukaa mapafuni, nayo mapafu hugeuka magumu na mtu hupungukiwa pumzi maisha yake yote. Wapasua kokoto na wachimbaji na walowanishe mawe kwa maji kabla ya kupasua. Jiwe lenye nyuzi nyuzi kama pamba lisisagwe kamwe, kwa kuwa laweza kuwa asbesto, ambayo huleta saratani. Na wachimbaji wa dhahabu wajue kwamba zebaki ni sumu, na mvuke wake huharibu ubongo na figo. Isichomwe jikoni wala karibu na watoto.

Tena ijulikane kwamba sheria inayo neno. Kwa Katiba ya 2010 na Sheria ya Madini ya 2016, madini yaliyomo ardhini ni mali ya wananchi wote, chini ya amana ya serikali, hata yakiwa katika shamba la mtu. Mchimbaji mdogo hutakiwa kupata kibali. Sheria hiyo hiyo yaagiza kwamba mrabaha unaolipwa kwa serikali ugawanywe: 70 kwa 100 ni wa serikali kuu, 20 ni wa kaunti, na 10 ni wa jamii ya mahali panapochimbwa. Jamii isiyojua mawe yake itawezaje kujua kama imepewa haki yake?

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Jiwe jeupe halikwaruziki kwa ukucha, lakini hukwaruzika kwa kisu, na unga wake hutoa povu ukitiwa siki. Ni jiwe gani, na lafaa kwa kazi gani?

2. Mtu amekuletea punje za manjano. Ukizigonga kwa nyundo zinakuwa unga mweusi. Je, utazinunua?

3. Jiwe lina gramu 200, na maji yaliyomwagika ni gramu 40. Ni zito mara ngapi kuliko maji? Je, laweza kuwa kwatzi tupu?

4. Kwa nini diatomaiti na kwatzi hazifanani, hali zimeumbwa na vitu vile vile?

MAJIBU. (1) Ni jiwe la chokaa au marumaru; lafaa kuchomwa kuwa chokaa. (2) La, ni pairiti. (3) Mara 5. Haliwezi kuwa kwatzi tupu, kwa kuwa kwatzi ni mara 2.6 tu. (4) Kwatzi ni punje ngumu zilizoshikana. Diatomaiti ni magamba matupu ya mimea midogo, yenye nafasi nyingi za hewa ndani yake.

Walimu waweza kulitumia somo hili shuleni. Kila mtoto na alete jiwe moja kutoka kwao, lipimwe mbele ya wenzake, kisha liandikwe jina lake na mahali lilikotoka. Baada ya muhula mmoja shule itakuwa na sanduku la mawe ya lokesheni yake yote, na wazazi wao watakuwa na mahali pa kwenda kulinganisha kabla ya kutoa fedha zao.